Ruta ya Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Duka la kompyuta nimefunga. Hapa Kihesa, Iringa, baridi ya kukata masikio, upepo umeng'oa nailoni ya dirishani. Kitanda kikubwa mno kwa mtu mmoja. Nimemkumbuka Goodness hadi tumbo linauma. Labda pia ni maharage, maana nimeyapika mwenyewe.

Mke wangu alikwenda kwao Uyole, Mbeya, kabla ya Pasaka, kumuuguza mama yake aliyevunjika mguu. Mguu umepona. Jana mama mkwe kaenda kanisani na kurudi bila fimbo. Goodness anasema yuko tayari kurudi, ila nimfuate. Ndiyo desturi ya kwao: mwanamke aliyekaa sana kwa wazazi harudishwi kama kifurushi cha basi. Mume anakwenda, anaketi, anamwomba.

Nimwombe! Kwani nilimfukuza? Halafu wajomba wanikalishe kwenye kigoda na kunihoji? Hapana. Liberatus haombi mke wake mwenyewe. Atarudi kwa akili yangu.

Jumanne, 8 Julai

Mpango umepatikana!

Krismasi nilimfungia mama mkwe ruta ya intaneti, zawadi. Naifikia nikiwa hapa Iringa, kupitia ruta yangu. Faili za mipangilio ya ruta zote mbili nazitunza kwenye Git, programu ya kuhifadhi nakala. Kila nikigusa kitu, inabaki nakala ya zamani, nakala ya sasa, na sababu ya kugusa. Ukiharibu, unarudi nyuma. Laiti ndoa nayo ingekuwa hivyo. Ningerudi Februari, jioni moja tu, tunamenya viazi na yeye ananicheka ninavyomenya.

Basi nimepunguza kasi ya Uyole kuanzia saa moja jioni, saa ya tamthilia anazotazama Goodness mtandaoni. Atachoka, atafunga virago. Kwenye sababu nimeandika "Majaribio". Mimi si mjinga.

Jumatano, 9 Julai

Goodness kapiga simu ya video. Furaha! Akakwama katikati ya neno, mdomo wazi, mtandio umeteleza begani. Nimeitazama sura ile iliyoganda mpaka chai ikapoa. Ana kovu dogo juu ya nyusi. Nilikuwa nimelisahau. Nimelisahauje?

Baadaye akapiga simu ya kawaida. Anasema intaneti ni mbovu lakini heri, maana sasa jioni wanaota moto jikoni, mama anasimulia mambo ya zamani, wanacheka hadi machozi. Hawajafurahi hivyo miaka mingi. Nimekasirika sana.

Akaongeza kwamba kaka yake, Gwakisa, ameahidi kuitazama ruta. Gwakisa! Ana duka la kutoa kopi, basi anajiona injinia.

Ijumaa, 11 Julai

Mpango wa pili, mzuri kuliko wa kwanza: narudisha kasi, nazuia tamthilia peke yake. Nimeandika vizuri kabisa. Nikazituma faili zote mbili kwa mkupuo, huku nimejifunika blanketi kichwani kwa baridi. Faili ya Uyole ikaenda Kihesa. Ya Kihesa ikaenda Uyole.

Simu yangu ikaniambia imeunganishwa na "Nyumba ya Mama". Nimekaa sebuleni kwangu, Iringa, kwenye mtandao wa nyumba aliyomo mke wangu! Nikageuka kutazama mlango wa jikoni. Hakuna mtu.

Ruta yangu nimeirudisha kutoka kwenye Git mara moja. Ya Uyole sasa inaamini iko Kihesa, ina paswedi ya Kihesa, na njia ya kuiingilia kutoka huku imekatika. Kule hawana intaneti kabisa. Nakala sahihi ninayo. Tatizo ni kwamba pa kuiweka pako zaidi ya kilomita mia tatu kutoka hapa.

Jumamosi, 12 Julai

Fedheha. Goodness anasema Gwakisa alichukua pini, akabonyeza kitundu cha nyuma, ruta ikarudi kama ilivyotoka dukani. Kaipa jina jipya: GWAKISA BOSI. Mama mkwe kamchinjia jogoo. Mimi kwa ruta ile ile nilipewa soda!

Kisha sauti ya Goodness ikashuka. Akasema begi lake limefungwa tangu juzi, liko nyuma ya mlango. Akaniuliza nasubiri nini. Nikamwambia kesho nakuja.

Naenda. Nimnyenyekee nani, kama si mama wa mke wangu? Nimenyoa ndevu.

Jumapili, 13 Julai

Basi la alfajiri. Tulipofika Igawa nimenunua mchele, huwezi kwenda ukweni mikono mitupu. Njia nzima nafanya mazoezi kimoyomoyo: Mama, nimekuja kumwomba mke wangu. Sentensi fupi. Mtoto wa chekechea angeiweza.

Wamenipokea vizuri mno. Hakuna mjomba hata mmoja! Mama mkwe, Gwakisa, na Goodness kavaa viatu vya safari. Viatu, mchana kweupe, ndani ya nyumba! Nilitaka kulia. Tumekula ndizi kwa nyama. Kisha mama mkwe akanawa, akakunja mikono. Akaniuliza kama desturi inavyotaka: "Haya mwanangu, umefuata nini?"

Nikafungua mdomo. Juu ya kabati ruta inawaka taa zote. Gwakisa kaegemea kabati lile, anatabasamu.

Nikasema: "Nimekuja kurekebisha ruta."

Mama mkwe akamtazama binti yake, akanitazama mimi. Akasema ndaga, asante sana, rekebisha. Goodness akavua viatu.

Jumatatu, 14 Julai

Nimerudi Kihesa na mkungu wa ndizi.

Ushindi! Mipangilio yote imerudi kama nilivyoiacha Krismasi. Jina la Gwakisa limefutika. Kwenye sababu nimeandika "Haki". Gwakisa alitazama tu. Nilipokuwa nimeinama nyuma ya kabati, nilimsikia Goodness chumbani akitoa nguo kwenye begi na kuzipanga. Anapenda usafi, mke wangu.

Asubuhi alinisindikiza hadi barabarani. Hakuzungumza. Huzuni ya kuachana, bila shaka. Basi lilipoondoka niliangalia nyuma mpaka gauni lake likawa doa, na nimelia kidogo, jirani yangu kitini akanipa karanga.

Jioni nimemwandikia kumuuliza intaneti inaendaje. Kajibu: "Iko vizuri sana, Liberatus." Tangu tuoane hajaniita kwa jina langu lote. Heshima hiyo!

Nimeshagundua nilipokosea. Nilimnyima. Mwanamke hanyimwi. Kuanzia kesho namwongezea kasi maradufu, tamthilia zote, asubuhi hadi usiku. Akitendewa wema wa namna hiyo hawezi kustahimili kukaa mbali nami, atapanda basi mwenyewe. Nimefua shuka. Nimetandika na upande wake.