Jinsi Hhando Alivyoiteka Kofia ya Katekista

Wekeni majembe chini, enyi wakulima wa Endamarariek. Nanyi mliotoka Olbalbal na vumbi la ng'ombe miguuni, sogeeni. Nawasimulia vita vilivyopiganwa ndani ya ghala la mahindi la kigango chetu, mwaka ule wa themanini na tatu, mchana kweupe, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi.

Chanzo cha vita kilikuwa mistari miwili. Hhando, simba wa kalamu, mtunzi asiyefundishwa na mtu, aliitunga siku za mfungo:

Kwaresima twafungishwa, tumbo wazi twasimama,
Kwake yeye twanusishwa, moshi unukao nyama.

Kila mtu alijua ni moshi wa jiko gani. Katekista Valeriani, mlinzi wa funguo za kanisa, mwenye kofia ya pama pana kama ungo, akatoa hukumu: Jumapili Hhando asimame mbele ya waumini aombe radhi, la sivyo ndoa yake na Antonia haitatangazwa. Na ili kumlainisha, akaazima mashine ya sinema na filamu ya maisha ya mwandishi mmoja wa nchi za mbali, aliyeshangiliwa na mji mzima mpaka kashfa ilipomburuta mahakamani.

"Njoo kesho, kijana wangu," alimwambia Ijumaa. "Uone mwisho wa watu wa mashairi."

Jenereta likanguruma. Tukamwona mwandishi akila karamu, akipigiwa makofi, akikamatwa. Akapandishwa kizimbani, na hapo giza likashuka ghalani: Valeriani alikuwa ameiweka pama yake mbele ya kioo cha mashine, ameishikilia kama askari ashikavyo ngao.

"Haya si ya macho ya Wakristo," alitangaza, na kwa kuwa ndiye pekee aliyejua Kiingereza, akaongeza: "Nitawatafsiria. Sasa analia. Anapiga magoti. Anaomba radhi."

"Mbona sauti yake haina machozi?" akauliza Mzee Moloimet, mfugaji aliyepitia hapo akitoka mnadani. "Na hao wanaocheka ni nani?"

"Mashetani, mzee. Wanamcheka."

"Kwetu mtu akihukumiwa tunamtazama usoni. Wewe mwenye kofia, fungua lango!"

Antonia akamgusa Hhando kwa kiwiko. "Kesho utapiga magoti kwa kumwiga mtu ambaye hata hujamwona?"

Ndipo shujaa alipoinuka. Hakuwa na mkuki. Alikuwa na fimbo ya kuchungia. Akavuka bonde la magoti, akapanda mlima wa magunia, akakanyaga vidole vya Bibi Lusia, akalaaniwa kwa Kiiraqw na kwa Kiswahili, asirudi nyuma.

"Kaa chini, Hhando! Nakuonya mbele ya kusanyiko hili!"

"Ewe Valeriani, ngome ya kiza! Ulisema tufunge nyama, tukafunga. Macho hatufungi!"

Akapenyeza ncha ya fimbo chini ya ukingo wa pama, akainua. Kofia ikaruka, ikazunguka juu ya vichwa vyetu, ikaangukia debe la mahindi. Nuru ikajaa ukutani.

Na mwandishi hakuwa amepiga magoti. Alikuwa amesimama wima, mkono kiunoni. Anasema neno, na mahakama nzima inacheka, hata karani wa jaji anauma midomo.

"Hayo ndiyo magoti?" akapaza sauti Moloimet, na ghala likalipuka kwa kicheko.

Sitawadanganya: mtu yule alifungwa. Tulimwona gerezani, amekonda, anafumua kamba kuukuu, kazi ya wafungwa wa huko, na hapo hakuna aliyecheka. Hhando alitazama bila kupepesa.

"Umeona sasa?" Valeriani akamuuliza taratibu, akipangusa kofia yake.

"Nimeona, katekista. Yote mawili."

Jumapili akaitwa mbele. Antonia aliinamisha uso. Hhando akakohoa, akawatazama waumini, kisha akaisema ile mistari miwili, polepole, neno kwa neno. Bibi Lusia, ambaye vidole vyake vilikuwa bado vimevimba, akaachia kicheko. Benchi zima la akina mama likamfuata. Valeriani akapeleka mkono kichwani kuishusha pama ajifunike uso, akakumbuka kwamba kanisani mwanamume havai kofia. Akasimama hivyo, upara ukimeta, hana pa kujificha. Mwishowe akasoma, kwa sauti ndogo: "Hhando na Antonia. Tangazo la kwanza."

Basi andikeni, nyinyi mnaoandika habari za majemadari: Endamarariek ilikombolewa kwa fimbo ya kuchungia, na hakuna damu iliyomwagika. Majeruhi ni vidole vya Bibi Lusia tu.