Gari Mama na Sentimita Tano

Tangazo lilibandikwa Jumatatu saa mbili kamili asubuhi kwenye mlango wa kioo wa kampuni, kwa gundi mpya iliyoagizwa mahususi kwa matangazo mazito. Lilirudia kanuni ya miaka yote, kwamba kila gari lililouzwa na kampuni litabaki kama lilivyozaliwa. Gari litakaloongezwa kitu, litakalopunguzwa kitu, au ambalo mwenyewe atabainika kuwa na nia ya kuliongeza kitu, dhamana yake itajifuta yenyewe. Kampuni haitahusika na kujifuta huko, lakini inatoa pole mapema. Chini kabisa ilikaa sahihi ya Mkurugenzi, iliyochukua nafasi kubwa kuliko tangazo.

Aliyelibandika alikuwa Mkaguzi Mkuu wa Dhamana. Hakukuwa na mkaguzi mwingine wa kuwa mkuu juu yake, lakini cheo ni cheo, na meza yake ilikuwa na kibao. Mafundi wa karakana walimwita Bwana Nati, kwa sababu aliwahi kuhesabu nati zote za gari moja, akakuta imezidi moja, akatembea na furaha hiyo wiki nzima. Tuseme ukweli, hakuwa mtu mbaya. Alizipenda kanuni kama wengine wanavyopenda mpira, na hakuwahi kujiuliza nani anafunga.

Kazi yake haikuwa rahisi, maana kampuni iliuza magari ya kupanda milima na kuvuka matope kwa watu ambao, bila sababu ya msingi, walitaka kupanda milima na kuvuka matope. Ukutani nyuma ya meza yake kulikuwa na picha kubwa ya gari la kampuni likiwa kileleni, limebeba keria iliyojaa mizigo, hema juu ya paa, na familia inayocheka. Chini ya picha, kwa herufi za kuhitaji miwani, iliandikwa: Picha hii ni ya kuhamasisha tu.

Mezani alikuwa na mihuri miwili. Mmoja ulisomeka DHAMANA IMEJIFUTA, na mpini wake ulikuwa umeng'aa kwa kushikwa. Wa pili ulisomeka DHAMANA INAISHI, na bado ulikuwa ndani ya mfuko wake wa plastiki, jinsi ulivyoletwa miaka sita iliyopita. Madai mia moja na kumi na tisa yalikuwa yamepita mikononi mwake, na hakuna hata moja lililousumbua ule mfuko. Mwalimu mmoja alileta gari ambalo taa yake haiwaki, likakutwa na kinukisho kimening'inia kwenye kioo cha ndani. Bwana Nati akaandika kwamba hewa ya gari imebadilishwa, na taa haiwezi kulaumiwa kwa kuzimika ugenini.

Tegemeo la kazi yake lilikuwa Gari Mama. Hili lilikaa katika chumba cha vioo nyuma ya ukumbi wa mauzo, limezungushiwa kamba nyekundu, likilindwa na Kifungu cha Tatu: kila gari litapimwa kwa kulinganishwa na Gari Mama. Siku lilipofika, Bwana Nati alilipima vipimo mia mbili na arobaini na kuviandika katika daftari jeusi. Tangu hapo alipima magari ya wateja kwa lile daftari. Gari Mama lenyewe hakuligusa tena, kwa heshima.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo akaingia mkunga mstaafu. Alikuwa mama wa miaka sitini na ushee, mwembamba, viatu vya raba, mkoba umebanwa kwapani. Gari lake lilisimama nje likidondosha maji chini ya injini, na ndani ya gari alikaa dada yake mkubwa, amevaa miwani minene, uso ameuelekeza kwenye jua.

"Shikamoo mama," akasema Bwana Nati, kwani adabu haikuwa na kifungu kinachoikataza.

"Marahaba, baba. Pampu ya maji inavuja. Gari lina miezi minane. Nimeambiwa waranti ni miaka saba."

Bwana Nati akachukua futi yake na daftari jeusi, akatoka. Alilizunguka gari mara tatu, akapiga magoti, akalala chali chini ya gari, akatoka na vumbi mgongoni na huzuni rasmi usoni. Keria juu ya paa. Betri ya pili. Springi ndefu za rangi ya buluu. Kutoka chini hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, daftari lilisema sentimita themanini na nane. Gari lilikuwa na tisini na tatu. Akarudi mezani na mkunga.

"Mama, gari hili limeinuliwa."

"Ndiyo. Fundi wa mtaani kwetu aliliinua. Njia tunayokwenda ina mawe."

"Sentimita tano."

"Ndizo nilizoomba."

"Basi ndizo zilizoiua pampu," akasema Bwana Nati, na hakuwa akitania. "Gari lililoinuliwa linaona mbali. Linaloona mbali linatamani safari. Likitamani safari injini inapata joto hata ikiwa imezimwa, na anayebeba mzigo huo ni pampu."

Mkunga akamwacha amalize. Katika miaka thelathini na minne ya wodi ya wazazi alikuwa amewasikiliza akina baba wengi wakieleza jinsi mambo yanavyotokea, na alikuwa amejifunza kutowakatiza.

"Na nje ya waranti?"

"Zilizoko stoo ni za dhamana tu. Nyingine inaagizwa. Miezi saba, meli ikiwahi."

"Dada yangu hana miezi saba, mwanangu." Alisema taratibu, bila kugeuka kutazama gari. "Mzima, anakula, ananigombeza. Ila macho yanafungwa. Daktari kasema mpaka mvua zijazo, labda. Kuna maporomoko ya maji ambayo baba yetu alikuwa akitusimulia tukiwa wadogo. Tumeahirisha miaka hamsini. Mara harusi, mara zamu za usiku, mara wajukuu. Sasa ndiyo tumepata nafasi na gari linavuja."

Bwana Nati akalaza futi mezani. Akafungua kitabu cha kanuni kutafuta kifungu cha macho, akakuta kuna cha vioo vya pembeni tu.

"Pole sana, mama," akasema, na mkono wake ukaenda kwenye muhuri wenye mpini unaong'aa.

"Ngoja kwanza," akasema mkunga. "Umesema gari langu limezidi tano. Limezidi nini?"

"Limezidi Gari Mama."

"Umelipima lini hilo Gari Mama?"

"Liko kwenye daftari."

"Sikuulizi daftari. Sisi wodini kila asubuhi, kabla ya mtoto yeyote kupanda mzani, tulipima kwanza jiwe la kilo moja. Mzani ukisema kilo moja na robo, tunajua mwongo ni mzani, siyo mtoto. Jiwe lako wewe umelipima lini?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza Bwana Nati swali la kitaalamu namna hiyo. Akapekua kanuni, na kwenye Kifungu cha Kumi na Moja akakuta sentensi ambayo hakuna mteja aliyewahi kuifikia: Mteja anaweza kushuhudia Gari Mama likipimwa, iwapo ataomba kwa heshima.

"Naomba kwa heshima," akasema mkunga.

Kamba nyekundu ikafunguliwa. Ndani ya chumba cha vioo mama wa usafi alikuwa akipangusa boneti, akasogea pembeni na ndoo yake. Bwana Nati akavua viatu. Akaweka futi chini, akaivuta hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, akasoma, akafuta miwani, akasoma tena. Akaenda tairi la upande wa pili. Akarudi.

"Inasemaje?" mkunga akauliza.

"Tisini na tatu," akasema Bwana Nati, kwa sauti ya mtu aliyekuta nyumba yake ina mlango asioujua.

Akalala chali chini ya Gari Mama. Huko chini kulikuwa na springi ndefu za rangi ya buluu. Kulikuwa pia na nyasi kavu na tope la rangi ambayo haipatikani mjini. Akafungua boneti, akakuta betri ya pili, na pembeni yake pampu ya maji mpya kabisa, yenye lebo ya kampuni ya mwezi uliopita: Imebadilishwa chini ya dhamana.

Roho ilimuuma Bwana Nati. Miaka sita alikuwa amewapimia watu kwa gari ambalo halikuwepo.

"Nani anaendesha gari hili?" akauliza hewani.

"Si ni bosi," akasema mama wa usafi, akishangaa kwamba kuna asiyejua. "Kila Ijumaa jioni analichukua, wanakwenda porini na mama mkwe wake na magodoro. Jumatatu mimi nalitoa matope. Nilidhani ndiyo maonyesho yenyewe."

Mkurugenzi aliitwa. Alishuka ngazi akiwa amevaa tabasamu la wageni, akamwona mkunga, akaona boneti iko wazi, akalivua.

"Kuna changamoto gani hapa?"

"Mheshimiwa Mkurugenzi, siyo changamoto, ni uainishaji," akasema Bwana Nati, akiwa amesimama wima bila viatu. Hakuwa na hasira wala hila. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumzuia. "Naomba mwongozo. Gari Mama ni halisi, au limerekebishwa?"

"Kuna tofauti gani?"

"Kama limerekebishwa, dhamana yake imejifuta, pampu hii ilibadilishwa kinyume cha kanuni, na mrekebishaji atajaza Fomu ya Kukiri, nakala moja iende kwa wenye kampuni."

Mkurugenzi akakohoa. "Andika ni halisi."

"Vizuri. Basi gari la mama huyu nalo ni halisi, maana limelingana na Gari Mama sentimita kwa sentimita."

"Sawa, sawa. Mpe pampu yake, mambo yaishe."

"Hayajaisha, mheshimiwa. Kama urefu halali ni tisini na tatu, magari elfu mbili na mia sita tuliyouza yana themanini na nane. Yametoka kwetu yamepungua. Hiyo ni kasoro ya kiwandani, na kasoro ya kiwandani inarekebishwa na kampuni. Ni tangazo lako, mheshimiwa. Litakalopunguzwa kitu."

Mama wa usafi akakamua kitambaa chake kwenye ndoo, tone kwa tone.

"Unajua unaongea na nani?" akauliza Mkurugenzi.

"Na mwenye sahihi," akasema Bwana Nati.

Mkurugenzi akatazama fomu ya vipimo ambayo Bwana Nati alikuwa amemnyooshea, akamtazama mkunga, akafikiria wenye kampuni na jinsi wanavyosoma nakala zao. Kisha akasema kwamba kampuni siku zote imetanguliza mteja, kwamba yeye binafsi amekuwa akilifanyia Gari Mama majaribio ya uvumilivu katika mazingira halisi, na kwamba mama mkwe wake ni sehemu ya timu ya majaribio. Akasaini palipoandikwa HALISI. Bwana Nati akarudi mezani, akachana mfuko wa plastiki kwa meno, akatoa muhuri wa pili, akaupuliza, akagonga. Wino ulikuwa umekauka, ikabidi agonge mara nne.

Kesho yake tangazo jipya lilibandikwa juu ya lile la zamani, kwa kuwa gundi mpya ilikataa kuachia. Lilitangaza fahari ya kampuni kuwainulia wateja wake wote magari yao kufikia kimo cha Gari Mama, bila masharti. Hadi saa tatu foleni ilikuwa imepinda kona. Mafundi wa karakana hawakupata nafasi ya kunywa chai. Yale madai mia moja na kumi na tisa yalifunguliwa upya, kila moja likihitaji barua ya kuomba radhi iliyosainiwa kwa mkono, na kwa ukubwa wa ile sahihi kila barua ilimlazimu Mkurugenzi kwenda ukurasa wa pili.

Gari Mama lilibaki chumbani. Bwana Nati sasa alilipima kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza, na ufunguo wake aliuweka mfuko wa shati, penye vifungo. Kwa kuwa kipimo halali cha magari yote hakiwezi kuzururishwa porini, aliandika Kifungu cha Kumi na Mbili mwenyewe, na Mkurugenzi, akiwa amezama kwenye barua ya arobaini, alikisaini bila kukisoma.

Alikisoma jioni ileile, pale mama mkwe wake alipofika na magodoro.

Bwana Nati alikuwa getini akimkabidhi mkunga gari lake. Pampu ilikuwa kavu. Keria ilikuwa imefungwa vizuri, na hema liko juu, kama kwenye picha.

"Mkaze mikanda," akasema, kisha akaongeza jambo ambalo halikuwa kwenye kanuni yoyote. "Mama mkubwa, ukifika kwenye hayo maji, yaangalie na kwa niaba yangu."

"Nitayaangalia," akasema dada mkubwa. "Nikirudi nitakueleza, kwa kuwa wewe unaonekana hutoki."

Nje ya geti Mkurugenzi alikuwa ameegesha gari lake binafsi, lile la chini, linalokwaruza hata tuta la getini. Amekumbatia godoro mikononi, akitafuta pa kulipachika, huku mama mkwe akimweleza kwa kirefu kuhusu watu wanaoahidi. Gari la mkunga likapita taratibu, juu kabisa, dirisha likiwa wazi.

"Nani huyo kakumbatia godoro barabarani?" akauliza dada mkubwa.

"Mkurugenzi wao."

Dada mkubwa akavua miwani, akaifuta kwa pindo la mtandio, akaivaa, akatazama bila haraka.

"Huyo nimemwona vizuri," akasema. "Twende."