Upara Wangu na Taa Nyekundu ya Nakonde

Jumatatu, 7 Julai
Sabasaba. Cherehani imepumzika, nimevuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia. Nimerudi na taa! Nyekundu, ya kujitibu nyumbani, inaotesha nywele. Muuzaji aliniita bashikulu, yaani babu. Mimi Jairo, miaka arobaini na sita! Nikainunua palepale.

Sababu ni Marita, sauti ya pili kwenye kwaya yetu. Nimemwomba tuoane. Kasema atanijibu Jumapili, baada ya ibada ya mavuno kule Ihanda. Lusubilo wa besi naye kamwomba. Ana nywele huyo! Kichwa kama shamba la mahindi la Isansa, ila ndani hamna kitu. Juzi alichelewa mazoezi saa nzima, eti simu imeshika mtandao wa Zambia, saa ikarudi nyuma. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mkazi wa Tunduma, mtu mzima!

Jumanne, 8 Julai
Maelezo ya taa yameandikwa Kichina. Picha moja tu: uso wa mwanamke, pembeni 10. Dakika kumi kwa uso, sawa. Upara je? Nimechukua tepu ya kushonea, nimepima uso, nimepima upara. Upara ni uso mmoja na robo. Dakika kumi na mbili na nusu. Hesabu safi!

Dada Agnes, jirani yangu nesi, kasema nianze na dakika tatu, nifunike macho, taa ikae mbali mkono mzima, na kesho yake nipumzike. Ni rahisi kwake. Yeye hasubiri jibu la Marita.

Jumatano, 9 Julai
Dakika tatu. Nimekagua kwa vioo viwili. Hakuna hata unywele mmoja!

Alhamisi, 10 Julai
Umeme umekatika. Nimekaa chini ya taa hivyohivyo, ngozi izoee.

Jumamosi, 12 Julai
Jamani!

Nilianza saa mbili kamili asubuhi. Taa shibiri moja kutoka kichwani, ili nifidie jana na juzi bila umeme. Nikafunika macho, nikaimba wimbo wote wa kesho, nikachungulia simu. Saa moja na dakika tano! Nikafurahi. Muda umebaki tele. Nikaimba tena. Nikaimba na zile za Pasaka.

Mlango ukagongwa. Agnes, kafuata gauni lake nililomwahidi saa tatu. Nikamfokea kuwa saa tatu bado sana. Akaingia, akaangalia simu yangu, akaniambia imeshika Zambia. Akaangalia upara. Akakaa chini kwa kucheka.

Umeiva! Unawaka! Kaniwekea kitambaa cha maji, kasema sitakufa, ila taa nisiiguse tena. Na jibu la Marita ni kesho. Nimelia kidogo.

Jumapili, 13 Julai
Ihanda. Niliingia na kofia. Mzee wa kanisa, Yesaya, akaninong'oneza kuwa nyumbani mwa Bwana wanaume hatuvai kofia. Nikavua. Upara mwekundu, umepakwa mshubiri, unang'aa kuliko vinara.

Marita aliuona kwenye ubeti wa pili. Sauti ikamkatika. Sauti ya pili yote ikafuata, mabega yanatikisika. Tulimaliza wimbo na besi pekee, na besi yenyewe haikuwa na Lusubilo.

Baada ya ibada akaniita penye magunia ya kahawa, akauliza nimefanya nini. Nikasema kweli yote. Akacheka hadi akaegemea gunia. Halafu akasema hajawahi kupenda nywele za mwanamume, zinajaza kitana, na mtu aliyejichoma kichwa kwa ajili yake, yeye haoni sababu ya kumkataa.

NDIYO! Kasema ndiyo! Nilirukaruka na suti yangu!

Lusubilo kafika watu wanakula. Kasema simu.

Jumatatu, 14 Julai
Harusi Desemba! Marita kaagiza taa niwape vifaranga, iwatie joto. Nimeitikia. Lakini picha za harusi zinakaa ukutani miaka hamsini, na upara unaakisi.

Kosa lilikuwa kutegemea simu peke yake. Nimevuka Nakonde asubuhi, nimenunua saa ya ukutani. Muuzaji kaiweka sawa mwenyewe kwa saa ya dukani kwake, mbele ya macho yangu. Kesho naanza kwa simu, namalizia kwa saa ya ukutani.