Suti ya Daktari na Sindano ya Binti

Jumatatu, 9 Machi
Mama watoto kanitwisha zigo. Binti yetu achanjwe chanjo ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi, na wa kumweleza ni mimi. Yeye hawezi. Akianza tu anamkumbuka dada yake tuliyemzika kwa ugonjwa huohuo, machozi yanamtoka. Binti naye kasusa. Wenzake shuleni wamemwambia ukichomwa hutazaa. Mimi nimewashonea suti mabwana wakubwa bila kutetemeka, lakini neno kizazi mbele ya binti wa miaka kumi na mbili halinitoki! Nikasema tutaongea baada ya chakula. Baada ya chakula nikasema nimeshiba mno. Lakini atachanjwa. Naapa.

Jumanne, 10 Machi
Njia imepatikana! Daktari wa zahanati ya mtaani ni mteja wangu. Suti yake ya kwendea harusini imebaki vifungo tu. Alipoifuata nikamwambia kwanza azungumze na binti, yote, mimi nisifungue mdomo. Akasema kazi hiyo ni ya wawili: mzazi aanze, yeye amalizie. Haya! Nikamwambia suti bado, njoo kesho. Fundi Tepe, mshindani wangu wa ng'ambo ya barabara, alikuwa akichungulia huku anacheka. Acheke.

Jumatano, 11 Machi
Nimempeleka binti zahanati kwa kumdanganya kwamba nakwenda kumjaribisha daktari suti. Suti yenyewe sikubeba. Daktari akachungulia mlangoni, akaniambia foleni imejaa, njoo kesho. Jamani! Maneno yangu mwenyewe! Binti kacheka njia nzima.

Alhamisi, 12 Machi
Tumerudi. Mimi na ung'ang'anizi ni ndugu wa baba mmoja. Daktari kakunja mikono, kasema baba aanze. Nikatazama dari. Jasho. Mwishowe nikashika pindo la mkono wa sweta ya binti, nikamwambia nguo hupigwa pindo ingali mpya, kabla haijaanza kufumuka. Ikishafumuka, hata fundi hodari anahangaika. Chanjo ndiyo hiyo. Kisha nikamtaja mama yake mkubwa. Nikasema hakuna ninachoogopa duniani kama kumzika yeye. Binti akanitazama sana. Akamgeukia daktari, akamuuliza kama ni kweli hatazaa. Daktari akasema si kweli hata kidogo, akamweleza taratibu, akamwambia mkono utauma kidogo tu. Binti akakubali, sharti nimshike mkono. Nikamshika. Sindano ikaingia.
Aliyelazwa kitandani ni mimi.

Jumamosi, 14 Machi
Daktari kachukua suti. Kasema nilizungumza vizuri kuliko ambavyo angezungumza yeye, na kwamba yule binti yangu wa pili nianze kumwandaa mapema, mwenyewe. Mama watoto kanishika mkono mbele ya wateja, macho yamemjaa maji, anacheka. Moyo wangu mweupe! Lakini ukweli naujua: kazi yote imefanywa na suti. Bila suti daktari angenisikiliza? Mdogo wake binti zamu yake ni mwakani, na nimeshaamua. Daktari akileta kitambaa kingine, hakitoki hapa mpaka amweleze mtoto yeye mwenyewe, mwanzo hadi mwisho.
Jioni hii nimemwona daktari akiingia kwa Fundi Tepe na kitambaa kwapani. Bila shaka ameenda kumsalimia.