Mzinga wa Onesphore

Jumatatu, 10 Juni 2024

Nimefika kambi ya asali, porini nyuma ya Kasekese. Mke wangu Monika kasema nichague: yeye au simu. Amechoka kula na mwanamume anayekodolea kioo. Nikae siku saba kwa kaka yake Nestori, bila simu, ndipo atarudi nyumbani Kashaulili. Nikikutwa nayo, basi tena, ndoa imekwisha. Nimemkabidhi shemeji simu kubwa, machozi yakinilengalenga. Kitochi, kile kisimu changu cha vibonyezo, kimo ndani ya soksi. Mjini shule!

Shemeji kanipa sharti la kambi. Mtu humu humwita mwenzake mara mbili. Ukiitwa mara moja, nyamaza. Nimecheka mpaka nikakohoa. Hakucheka.

Jumanne, 11 Juni

Maji ya kijito. Ugali, moshi, ugali. Hakuna redio, hakuna hata jogoo. Shemeji ana tabia ya kukung'uta blanketi langu. Nimeficha kitochi kwenye mzinga mtupu, ule wa gogo uliotundikwa kando ya kambi. Betri nimechomoa ili chaji isiishe, nimebaki nayo soksini. Akili nyingi!

Saa sita mchana nikaitwa. "Amedeus!" Mara moja tu. Sauti ya Monika kabisa, kutoka upande usio na njia. Sikuitika. Si kwa woga. Nilikuwa na tonge mdomoni.

Alhamisi, 13 Juni

Mama yangu! Nimepanda kufuata simu, kumbe nyuki wamejaa mzingani. Jicho la kushoto halifunguki. Shemeji kauliza nilitafuta nini kwenye mzinga mtupu. Nikasema nilikuwa naukagua. Akanitazama sana. Akasema huo ni wa mwenzake Onesphore, na tangu aondoke, miaka mitatu, nyuki hawajawahi kuusogelea. Nikauliza kaenda wapi. Akasema aliitwa mara moja, mchana kama huu, akaitika. Akaaga kwamba anarudi sasa hivi. Uji wake ulipoa kwenye kikombe.

Leo nimeitwa tena. Safari hii sauti imetoka ndani ya mzinga. Shemeji alikuwa ananoa kisu. Kisu kikasimama, yeye hakuinua kichwa.

Ijumaa, 14 Juni

Nimepata jibu. Ni simu! Monika anapiga, kitochi kinapokea chenyewe. Hofu yote ya bure, na mimi mtu mzima. Nimekula vizuri. Kisha nikajikuna mguu, nikagusa betri. Sijala tena.

Jumamosi, 15 Juni

Shemeji amerina mzinga wa Onesphore. Katikati ya masega, simu yangu, imejengewa nta pande zote. Nikapiga magoti. Nimelia kweli, maana Monika nampenda, jamani, nyumba bila yeye imekuwa pango. Shemeji kasema hatamwambia dada yake, mradi nikaitupe kijitoni kwa mkono wangu. Nikaenda. Chubwi!

Nimetupa jiwe.

Jumapili, 16 Juni

Monika kafika asubuhi. Kaniita toka mbali, mara mbili, kama mtu. Shemeji kanitetea. Monika kanishika shavu lililovimba, kasema kumbe naweza, kesho twende nyumbani. Nimefurahi mpaka nimeona aibu.

Sasa ni saa sita. Nipo nyuma ya kibanda na daftari na kikombe cha uji. Nimeilamba simu asali yote, nimerudisha betri. Imewaka! Ila mtandao hakuna.

Nimeitwa. Mara moja. Sauti ya Monika, kutoka kule kule kusiko na njia. Monika mwenyewe namwona jikoni anachambua mboga, mdomo kaufumba. Nimegeuza simu upande ule. Mtandao umesoma! Kimstari kimoja. Viwili. Vitatu!

Nimeitika. Mke akiita, utanyamaza? Naenda hapo mbele tu, narudi sasa hivi. Uji wangu asiuguse mtu.