Mama Mkwe na Siri ya Bomba

Jumatatu, 4 Agosti

Mama mkwe anakuja! Ametuma ujumbe kutoka Makueni: atafika Ijumaa kumtazama bintiye. Kavata, mke wangu, yuko mwezi wa nane, tumbo linamtangulia mlangoni. Mama akiona nyumba hii haimfai, atamchukua ampeleke Malindi kwa dadake, penye stima ya ukutani na friji, akae huko mpaka ajifungue. Yeye na Cindy wetu. Mimi nibaki na ng'ombe.

Haiwezekani! Nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu hapa Magarini, mbali na nguzo za stima. Jua linatupa taa. Paa linatupa maji. Ng'ombe anatupa gesi ya kupikia. (Si ng'ombe peke yake, lakini hilo halimhusu mtu.)

Kusema kweli naogopa. Sijawahi kulala humu bila Kavata, na sitaki kujua kukoje.

Jumatano, 6 Agosti

Balaa. Kavata kaniuliza mamake atajisaidia wapi. Nikasema chooni, kwani wapi? Akanitazama kama mbuzi aliyetafuna leso yake. Ndipo nikakumbuka. Nthoni! Heshima ya kwetu Ukambani. Mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawatazamani usoni, sembuse kutumia choo kimoja!

Nikafikiri. Nikapata! Kuanzia Ijumaa choo ni cha mama mkwe peke yake. Mimi nitahamia choo cha jirani, Bwana Taib. Kavata akasema hilo ni jambo la kiungwana, akanishika shavu. Nikajiona sultani.

Kisha akauliza: na lile bomba?

Lile bomba. Samadi ya ng'ombe mmoja haitoshi mtambo wa gesi. Kwa hiyo mwezi wa sita nilichimba mtaro, nikaunganisha choo chetu na mtambo. Tangu hapo moto unawaka wa buluu, safi, hauna harufu hata chembe. Lakini mama mkwe anywe chai iliyochemshwa na choo cha mkwewe? Heri nimtukane sokoni.

Kavata akashauri tumwambie mapema. Wanawake! Nikamwambia siri ya mtungi aijuaye kata. Nimefukia bomba, nimepanda mchicha juu yake. Cindy ana miaka sita na mdomo mwepesi, kwa hiyo nimemnunulia mabuyu ili asimwambie nyanyake. Kila kitu kimetengemaa.

Ijumaa, 8 Agosti

Amefika kwa tuktuk, na gunia la ndengu na kuku wawili. Nikajibanza nyuma ya tangi la maji, kama heshima inavyotaka. Kavata alipomwona mamake alilia. Mama akalia. Mimi pia, nyuma ya tangi.

Hasemi nami moja kwa moja. Humtuma Cindy. Mwambie babako mahindi yake yamebanana. Nami: mwambie susu, nyanya yako, nimesikia. Baada ya safari chache mtoto akachoka, akawa anatujibia mwenyewe huko huko. Kwa mujibu wa Cindy, nimeomba msamaha kuhusu mahindi na nimeahidi kumnunulia baiskeli.

Nilitaka mama aone hatuna shida ya umeme. Nikawasha taa zote mchana, redio, feni, na kuchaji simu zote. Akatikisa kichwa kwa mshangao. Jua lilipozama betri ikazima kabisa! Tukala wali kwa kupapasa. Cindy akatumwa kunieleza kwamba kwa mama yake mdogo kule Malindi, hata chooni kuna taa.

Na choo cha Bwana Taib! Mwungwana yule hakubali mtu aingie na kutoka bila kuketi. Karibu jirani, pita ndani, mbona wapita kama mwizi wa nazi? Kahawa tungu. Halua. Kahawa nyingine. Nikifika nyumbani ile kahawa inanirudisha kwake. Safari ya tatu, Bi Radhia mkewe aliniuliza kwa upole kama mama watoto amenifukuza.

Jumamosi, 9 Agosti

Ole wangu. Mdomo umeponza kichwa, na si mdomo wangu.

Asubuhi mama alikunywa chai, akaisifu. Akamuuliza Cindy huu moto usio na moshi babake ameutoa wapi. Cindy, mtoto mwaminifu, akajibu kwamba hawezi kusema, kwa sababu baba amemnunulia mabuyu ili asiseme.

Mama akaweka kikombe chini.

Cindy akaongeza kwamba kusema ndiko alikokatazwa, lakini kuonyesha hakukatazwa. Akamshika nyanyake mkono, akampeleka, akang'oa mchicha. Kisha akafuata bomba kwa kidole, kutoka chooni hadi kwenye mtambo, kutoka kwenye mtambo hadi jikoni, hadi kwenye sufuria. Nilikuwa juu ya paa nikisafisha sola. Niliona yote. Ningeweza kuruka, lakini upande ule kuna michongoma.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Alitoka akaokota mawe matatu, akayapanga uani, akawasha kuni. Kisha akaanza kukunja nguo za Kavata.

Tuktuk itakuja kesho baada ya kanisa.

Jumapili, 10 Agosti

Sijawahi kuona begi dogo likijaza nyumba hivi. Liko mlangoni. Limefungwa.

Kavata alikuwa uani na mamake, kwenye moshi wa kuni, akikohoa mpaka anashika tumbo. Nikaingia zizini nyuma ya ukuta wa makuti. Mkwe haruhusiwi kumsemesha mama mkwe, lakini hakuna mila inayokataza mtu kusema na ng'ombe wake. Nikasema kwa sauti.

Nikamwambia ng'ombe kwamba nimekosa. Kwamba sikuficha bomba kwa dharau. Nilificha kwa sababu nampenda mke wangu na niliogopa atachukuliwa. Kwamba mtoto akizaliwa Malindi nitafurahi, bora awe mzima, lakini moyo wangu utakuwa huko huko na hapa patabaki kuta. Ng'ombe akanilamba sikio. Nikalia kidogo. Moshi.

Kisha nikamsikia mama akisema na kuku wake. Akamuuliza kuku: huyu bwana tangu Ijumaa anajisaidia wapi? Kavata akajibu kwa niaba ya kuku: kwa Bwana Taib, mama. Kakuachia wewe choo. Kavata akakohoa tena, kikohozi kirefu.

Mama akamwambia kuku hivi: mkwe akihama, choo si cha mkwe tena. Ni changu mimi. Na choo kikiwa changu, gesi ni yangu. Na gesi ikiwa yangu, mwanangu anavuta moshi wa nini?

Akamwaga maji kwenye kuni. Akamtoa Kavata uani, wakaingia jikoni. Nikasikia kiberiti.

Tuktuk ilipokuja ilirudi Malindi tupu. Nimemkumbatia ng'ombe.

Jumatatu, 11 Agosti

Hukumu imeletwa na Cindy. Aibu itapoa kwa mbuzi mmoja na leso pea moja. Mama atakaa hapa mpaka mtoto azaliwe, na siku ikifika wote tutamsindikiza Kavata hospitali. Begi limefunguliwa. Nimeona nguo za Kavata zikirudi kwenye kamba, nikazihesabu kama kuku, zote zipo.

Ila jiko si langu tena. Nikitaka chai naomba kwa mwenye gesi, kupitia mtoto. Leo nimeomba mara mbili. Jibu la pili lilikuwa kwamba ombi linafikiriwa.

Jumanne, 12 Agosti

Moto umefifia! Maharage yamekataa kuiva. Mama anamlaumu ng'ombe, lakini mimi nimegundua kiini: tangu Ijumaa mchango wangu wote unaenda kwa Bwana Taib. Nilivyonywa kahawa kule, ni hasara kubwa.

Sasa sikiliza. Nyumba ya Bwana Taib ina watu kumi na watatu na wageni kila siku. Gesi yote ile inapotea bure! Na kati ya choo chake na mtambo wangu kuna ua mmoja tu. Bomba fupi, likipita chini kwa chini. Bwana Taib hana haja ya kuambiwa. Ni mtu wa heshima zake, atajisikia vibaya bure.

Kavata hatajua. Mama hatajua. Lakini siri ikikaa peke yake kifuani inawasha. Kwa hiyo baada ya chakula cha mchana, Kavata alipokuwa amelala mkekani, niliinama kwenye tumbo lake nikamnong'oneza mtoto mpango wote, urefu wa bomba na siku ya kuchimba. Huyu ndiye wa kuaminiwa. Hajajua kusema.

Tumbo lote likaanza kutikisika, likatikisika kwa muda mrefu, na Kavata, usingizini, akauma leso yake. Mtoto amefurahi sana.