Barua Katika Koti la Diwani

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Tangazo limebandikwa mlangoni pa soko. Mafundi cherehani wote tuhamie ghorofa ya tatu ya jengo jipya kabla ya mwezi kuisha. Ghorofa ya tatu! Nusu ya wateja wangu ni akina mama wenye magoti mabovu. Nani atapanda ngazi sitini na mbili kupunguza sketi? Miaka kumi na tisa nimeketi kwenye baraza hii, na wanangu wamekula kutokana nayo. Saini ya chini ni ya Diwani. Diwani wangu mimi, niliyemshonea bendera, nikamvalia kofia miezi mitatu, nikampa kura.

Jirani yangu fundi viatu, ambaye hakumchagua, amesoma tangazo kwa sauti mara mbili ili nisikie vizuri. Yeye hahamishwi. Kisha akanipa pole. Pole yake ilikuwa na meno.

Nimekata shauri. Nitampinga Diwani, tena mimi mwenyewe. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekwenda ofisini kwake. Foleni mbili: ya kero na ya pongezi. Ya kero imetoka nje na kuzunguka ukuta. Ya pongezi haina mtu. Wajinga ndio waliwao, nikasema moyoni, nikajipanga kwenye pongezi. Nimeingia papo hapo. Mpango: nipongeze kidogo, halafu nipinge. Kumbe ulimi ukishaanza kusifu hauna breki. Nimesifu barabara, taa, hata rangi ya ukuta. Katibu wa Diwani ameandika kila neno, amenipiga picha, kisha akaniarifu kwamba muda wangu umekwisha.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Balaa. Picha yangu iko kwenye ubao wa matangazo sokoni. Chini yake: Fundi aunga mkono uhamisho. Uhamisho sikuutaja hata kwa bahati mbaya! Mafundi wenzangu hawakuitikia salamu yangu. Yule mama mshona sare, aliyenifundisha kushona matundu ya vifungo, amegeuza kiti akanipa mgongo. Hilo limeniuma kweli.

Mke wangu amesema nirudi nikapange foleni ya kero kama watu. Hajui siasa, Mungu amsamehe.

Saa tisa bahati ikabisha hodi. Katibu, na kitambaa cha kijivu. Diwani anataka koti jipya la mkutano wa Jumamosi, ambapo watu wa soko watanyoosha mikono kuamua tuhame au tusihame. Naye Diwani, kila mtu anajua, hutoa hotuba yake mfuko wa ndani. Barua yangu nitaitia humo. Ataitoa na kuisoma mbele ya umati kabla hajajua anasoma nini. Nimecheka peke yangu hadi fundi viatu akaja kuchungulia.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Barua imekamilika. Kurasa saba. Mke wangu ameisoma, akauliza kupinga kuko wapi. Kuko ukurasa wa saba, mstari wa mwisho. Nikamweleza kwamba mtu uliyempa kura humvamii, unamzunguka. Akasema nimezunguka mpaka nimerudi nyumbani. Nimeipunguza iwe ukurasa mmoja. Pongezi bado ni nyingi kidogo, lakini neno HATUHAMI lipo, tena kwa herufi kubwa.

Koti nalo linakwenda vizuri. Mabega yamekaa sawasawa. Sijawahi kushona koti zuri hivi kwa mtu niliyemkasirikia.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Koti limepigwa pasi, barua iko mfukoni, Katibu amelichukua saa nne asubuhi. Nimeimba mchana kutwa.

Wakati wa chakula cha jioni tonge likanikwama. Midomo ya mifuko nimeipiga bandi! Yote! Ndivyo nilivyofundishwa: koti jipya hutoka kwa fundi mifuko yake imefungwa kwa uzi, isije ikalegea kabla ya mwenyewe kulivaa. Mkono ulishona wenyewe, kichwa kikiwa kwenye siasa.

Mke wangu amesema basi kesho nisimame tu, niseme. Mpango mwepesi mno, lakini nimekubali. Nimemwapia.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimeketi safu ya mbele, neno langu tayari mdomoni. Diwani akapanda jukwaani, akapeleka mkono mfuko wa ndani. Hauingii. Akasukuma. Akavuta. Bitana, kitambaa cha ndani ya koti, ikaachia kwapani, chwaa, mbele ya soko zima. Watu wakaanza kucheka. Wanalicheka koti langu! Sikufikiri. Nikaruka jukwaani, pini tano mdomoni, nikaanza kubana. Diwani akaniwekea mkono begani, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba huyu ndiye fundi wake, rafiki wa maendeleo, na je, sikubaliani naye? Mwenye pini tano mdomoni hasemi. Niliinamisha kichwa ili niuone mshono.

Aliyesimama kupinga ni fundi viatu. Amesema anayeleta gauni ndiye anayeleta na viatu, soko ni moja. Kisha akaninyooshea kidole, akasema mkimpandisha huyu juu, watoto wake watalala njaa, na yeye mwenyewe hawezi kusema. Nilitaka kulia.

Ikaitwa mikono ya wanaopinga. Yangu miwili ilikuwa kwapani mwa Diwani. Wanaopinga arobaini. Wanaokubali arobaini na mmoja. Huyo mmoja ni mimi. Katibu alihesabu kichwa changu kilipoinama.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimehama. Cherehani tumeibeba, upande mmoja mimi, upande wa pili fundi viatu, ngazi zote. Mama mshona sare tumemkuta amekaa katikati ya ngazi akitafuta pumzi. Nikarudi kumbebea sanduku lake. Hakunishukuru, na sikustahili. Katibu amefumua mifuko: barua yangu iko ubaoni, imekatwa kabla ya HATUHAMI.

Juu kuna upepo mzuri na hakuna mteja. Fundi viatu alipopata pumzi ameniuliza, kwa upole kabisa, uchaguzi ujao kura yangu nitampa nani. Swali gani hilo? Huyu huyu. Nikichagua mwingine itabidi nianze kumpinga upya, na huyu nimeshamfikia hadi kwapani.